Mofini ndani ya kufuli, diklofenaki juu ya kaunta

Kwa miaka ya karibuni, taarifa za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nchini Tanzania zimekuwa zikitaja, pamoja na heroini, bangi na mirungi, kundi jingine: dawa tiba zenye asili ya kulevya. Humo zinatajwa tramadoli, pethidini, fentanili na ketamini. Onyo hilo ni la haki, kwa sababu dawa hizo zikitoka mikononi mwa wataalamu zinaua. Linalonisumbua ni namna lilivyopokelewa mitaani, na hata katika baadhi ya wodi. Watu wengi wameelewa kwamba hatari ya dawa za maumivu inakaa kwenye zile kali zinazolevya, na kwamba zilizobaki ni dawa za kawaida ambazo mtu anajinunulia kama anavyonunua chumvi. Huku Nyanda za Juu Kusini uelewa huo unaumiza watu kwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Ninavyoona mimi, katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe tunapaswa kuogopa zaidi dawa zisizolevya kabisa, diklofenaki ikiwa mbele, zinazomezwa kwa miezi na miaka bila mtu yeyote kuuliza habari za figo, tumbo wala presha. Na tunapaswa kuogopa pia lile kabati la mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, kubaki limefungwa wakati mgonjwa wa saratani analia usiku kucha. Usalama wa mgonjwa umepimwa kwa swali moja tu, kama dawa inalevya au hailevyi, na swali hilo peke yake halitoshi.

Tuanze na watu wenyewe. Uchumi wa kanda hii unabebwa mgongoni, na hapo sitii chumvi. Viazi vya Uporoto na Njombe vinatoka shambani kwa magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, ambayo vijana huyapandisha juu ya Fuso kwa mabega. Mpunga wa Mbarali unapandikizwa kwa kuinama tangu asubuhi. Wachuma chai wa Rungwe na Mufindi, wapasua mbao wa Sao Hill, madereva wa malori wanaokesha kwenye usukani kuelekea Tunduma: wote hao wakifika miaka arobaini wana kiuno, magoti au mabega yanayouma kila siku, na kesho yake lazima warudi kazini. Mtu wa namna hii hatafuti kupona. Anatafuta nafuu ya kumfikisha jioni. (Vita dhidi ya lumbesa imekuwa ikihubiriwa kama vita ya bei ya mkulima. Naamini ni vita ya uti wa mgongo wa mpakiaji pia, na wizara ya afya ingepaswa kuwa mstari wa mbele.)

Nafuu hiyo iko jirani naye. Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia huku kusini, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Ulikuwa mpango mzuri. Ulileta mafunzo kwa watoa dawa, orodha ya dawa zinazoruhusiwa na ukaguzi, na leo kuna vijiji ambako duka hilo ndiyo huduma ya afya pekee iliyo wazi saa mbili usiku. Wateja wanamwita muuzaji dokta, na wanamwamini. Nimesimama zaidi ya mara moja kwenye duka la dawa maeneo ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikasikia mazungumzo yanayofanana. "Dokta, shikamoo. Nipatie zile za mgongo." "Marahaba. Za mia tano au za elfu?" Basi, yameisha. Bei imeulizwa, mwili haujaulizwa.

Mwili ungeulizwa nini? Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini na ndugu zao hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huchochea uvimbe na maumivu, kwa hiyo dawa inasaidia kweli, na anayesema imemsaidia hadanganyi. Lakini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichubuliwe na asidi, na ndizo zinazosaidia mishipa midogo ya figo kubaki wazi mtu anapopungukiwa maji mwilini. Sasa mchukulie mvunaji aliyeshinda juani Usangu akitoka jasho, akinywa maji kidogo, na jioni akimeza vidonge viwili ili alale. Figo zake zinahitaji ulinzi huo saa ileile ambapo dawa inauondoa. Au mchukulie mwenzake wa Iringa msimu wa ulanzi, ambaye anameza diklofenaki tumboni mkiwa na pombe na hamna chakula. Baada ya muda anaanza kupata kiungulia, kisha choo cheusi, na familia inalaumu maharage au mawazo. Vidonda vya tumbo vina sababu zaidi ya moja, bakteria wakiwemo, ila dawa hizi ni miongoni mwa sababu kubwa zinazojulikana, na ndiyo sababu ambayo ndugu wachache huikumbuka wanapojieleza kwa daktari.

Moyo nao umo. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Umoja wa Ulaya waliagiza diklofenaki isitumiwe na wenye moyo kushindwa kufanya kazi, waliowahi kupata kiharusi, au wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina ibuprofeni na parasetamoli, diklofenaki haimo. Huku kwetu mzee mwenye presha anayehudhuria kliniki kila mwezi anaweza kuwa anameza diklofenaki kila siku, dawa ambayo hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha, na daktari akabaki anaongeza dozi ya presha bila kujua kinachompinga. Parasetamoli yenyewe, ambayo wengi tunaiita Panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine, ni salama kuliko hizo ikitumiwa kwa kipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya kipimo hicho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Lakini kuna vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na anayemeza hivyo pamoja na Panadol huvuka kipimo hicho bila kujua, na ini ndilo linalolipa.

Hadi hapo nimesema mambo yanayoweza kusemwa kuhusu mkoa wowote. Kuna jambo moja linaloifanya kanda yetu iwe tofauti. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba maelfu kwa maelfu ya wakulima na wapakiaji ninaowazungumzia wanameza dawa za kufubaza virusi kila siku, na kidonge kinachotumika zaidi tangu mwaka 2019 kina tenofovia ndani yake. Tenofovia ni dawa nzuri, imerudishia watu uhai, na wengi huitumia miaka mingi bila shida. Ila ni dawa inayotolewa mwilini kupitia figo na kwa baadhi ya watu inazichosha. Ikikutana na diklofenaki, hasa kwa dozi kubwa au kwa mtu ambaye figo zake zilikuwa tayari dhaifu, zinaweza kushindwa kazi ghafla. Madaktari wanalijua hili, na limeandikwa kwenye maelezo ya dawa yenyewe. Halijafika kwenye kaunta ya duka. Na hata muuzaji mwenye nia njema akiuliza "unatumia dawa yoyote?" mbele ya foleni ya majirani, nani atajibu? Unyanyapaa umefanya swali muhimu kuliko yote liwe swali lisilojibika.

Halafu kuna sindano. Mgonjwa wengi wetu tunamfahamu: akiandikiwa vidonge anaona hajatibiwa, anataka achomwe. Diklofenaki ya sindano haimwepushi mtu na madhara ya tumbo na figo, kwa sababu dawa husafiri kwenye damu ileile. Inachoongeza ni hatari zake yenyewe: jipu pale ilipochomwa na, ikichomwa vibaya kwenye kalio, kuumia kwa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mtu anaingia zahanati akiwa na maumivu ya kiuno, anatoka na mguu unaoburuta. Hilo ni dhara la tiba kabisa, na familia mara nyingi huliita bahati mbaya au jicho la mtu, kwa hiyo haliripotiwi popote.

Nijibu sasa wanaopinga, maana wapo na wengine wana hoja nzito. Hoja nzito kuliko zote ni ya mazingira. Ukibana diklofenaki, mkulima wa Ludewa au wa milima ya Makete atabaki na nini? Zahanati iko mbali, mvua za masika zinakata barabara, parasetamoli haitoshi kila mara kwa maumivu ya mgongo, na mapumziko ni anasa ya mwenye mshahara. Nakubaliana na haya yote, na ndiyo maana sidai dawa hii ipigwe marufuku. Nadai itolewe kama dawa: dozi ndogo inayotosha, siku chache, baada ya chakula, maji ya kutosha, na isitolewe kabisa kwa mjamzito wa miezi ya mwisho, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu au mwenye ugonjwa wa moyo. Zipo pia jeli za kupaka ambazo kwa goti na kifundo zinafanya kazi vizuri na kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Tofauti kati ya siku tano na miaka mitano ndiyo tofauti kati ya tiba na sumu, na muuzaji aliyepata mafunzo anaweza kuieleza kwa dakika moja.

Hoja dhaifu, ambayo ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya "mimi nimeimeza miaka kumi na sijafa, na hakuna niliyesikia amekufa kwa diklofenaki." Hutasikia, kwa sababu kifo chake hakiji kwa jina hilo. Aliyetapika damu atasemwa amekufa kwa vidonda vya tumbo. Aliyevimba uso na miguu atasemwa alikuwa na figo. Aliyeanguka ghafla shambani atasemwa ni presha. Cheti kitaandika kiungo kilichoshindwa, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza kilichomezwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, na fomu hiyo ina kazi tu kama mtu wa kwanza kumwona mgonjwa amefikiria kwamba dawa inaweza kuwa chanzo. Yule wa miaka kumi anaweza kuwa na bahati, au anaweza kuwa amebakiwa na robo ya uwezo wa figo zake bila kujua, kwani figo hazitoi kelele mpaka zimekaribia kuzimika. Kipimo cha kreatinini cha damu kingemwambia. Anayechelewa kukifanya anaweza kukutana na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kwa mtu wa kijijini hiyo ni sawa na kuhama nyumbani kwake.

Upande wa pili wa jambo hili ni mofini. Ramani ya VVU niliyoitaja ndiyo pia ramani ya saratani fulani. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake nchini, na Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kuipata. Wengi wanagunduliwa wakiwa wamechelewa. Kwa miaka mingi safari ya kanda hii ilikuwa ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi wakarudi nyumbani kumalizia siku zao Rungwe, Kilolo au Wanging'ombe. Maumivu ya saratani iliyofika kwenye mifupa na mishipa ya fahamu hayasikii diklofenaki. Ndiyo maana mwaka 1986 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliweka matibabu ya kupanda ngazi: dawa nyepesi kwanza, kisha za kati, kisha mofini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa za kulevya, ambao maofisa hupenda kuutaja wanapokaza kufuli, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kutuliza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Tumesoma nusu ya mkataba. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, zikipimwa kwa kiwango cha mofini, zilizogawiwa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 tu iliyofika nchi maskini.

Wanaoiogopa mofini wanataja Marekani, na hofu yao ina msingi. Kampuni ya Purdue Pharma iliingiza OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, sokoni mwaka 1996, ikaitangaza kwa madaktari kuwa haina hatari kubwa ya uraibu, ikaandikwa kwa watu wenye maumivu ya mgongo ya kudumu, na kampuni ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Taifa zima lililipa. Lakini tazama kilichotokea kwa makini: ni dawa kali iliyouzwa kwa msukumo wa faida kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu yasiyo ya saratani, bila ufuatiliaji. Ukiondoa ulevi, hiyo ndiyo picha ya diklofenaki Mwanjelwa. Somo la Marekani linatufundisha kuogopa dawa ya maumivu inayouzwa kiholela, na mofini ya kunywa inayotolewa na muuguzi kwa mgonjwa anayejulikana kwa jina si dawa ya namna hiyo. Na pale dawa halali inapokosekana, pengo halibaki tupu. Tramadoli haimo katika udhibiti wa kimataifa kama mofini, ndiyo maana imesambaa sana Afrika Magharibi na sasa inatajwa kwetu. Ikizidi dozi huleta degedege, na kwa watu ambao miili yao huigeuza haraka mno inaweza kuzuia pumzi hata kwa dozi ya kawaida.

Mofini ina madhara, na kuyaficha ni kosa. Karibu kila anayeitumia hupata choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze naye siku moja. Kichefuchefu na usingizi huja siku za mwanzo na mara nyingi huisha. Kinachoua ni kupumua kupungua, na hicho huja dozi inapopandishwa haraka, chupa za nguvu tofauti zinapochanganywa, au figo zinaposhindwa kuitoa, kwa sababu mabaki yake hujikusanya kwenye damu. Hapa ndipo njia zote mbili zinapokutana. Mama aliyemeza diklofenaki miaka minane kwa ajili ya kiuno, ambacho baadaye kinagundulika kuwa ni saratani, anafika kwenye mofini akiwa na figo zisizoweza kuipokea salama. Uzembe wa kaunta umeiharibu dawa ya wodini kabla haijaandikwa. Ama ile imani kwamba mofini huharakisha kifo, ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, haiharakishi. Kinachoonekana ni kwamba tunaileta siku mbili kabla ya mwisho, kisha tunailaumu kwa mwisho huo.

Uganda walichukua njia nyingine. Dakta Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya maji iliyochanganywa kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria yao iliruhusu wauguzi na matabibu waliopewa mafunzo maalumu kuiandika. Serikali ikaitoa bure. Hawakuondoa udhibiti: daftari lipo, kufuli lipo, mafunzo ni ya lazima. Walichobadilisha ni nani ana ufunguo, kwa kutambua kwamba vijijini hakuna daktari wa kutosha. Ukiangalia hospitali zetu za kanisa kama Ilembula, Bulongwa na Ikonda, zilizojengwa vijijini kwa sababu wagonjwa wako vijijini, ni vigumu kuona kwa nini jambo hilo lishindikane huku.

Yanayofuata hayahitaji fedha nyingi. Kliniki za tiba na matunzo za VVU ndizo zinazomwona mtu mara kwa mara na zinajua siri yake tayari, hivyo huko ndiko swali la dawa za maumivu liulizwe, kwa majina ya mitaani na kwa kuonyesha vidonge vyenyewe, na kipimo cha kreatinini kisisubiri mtu avimbe. Wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapogeuzwa kuwa huduma, kipimo hicho kisiachwe nje ya kitita cha kawaida. Baraza la Famasi linapowakagua watoa dawa, lisitosheke na kuangalia vibali ukutani. Limtume mtu aombe "zile za mgongo" na lisikilize ataulizwa nini. Wodini, kila penye mofini pawe na naloksoni, dawa inayoitengua, na dawa ya choo, katika kabati lilelile. Na timu ya afya ya halmashauri inapofungua daftari la dawa za kulevya, leo huhesabu mililita zilizobaki na kutafuta zilizopotea. Daftari hilo liongezwe safu moja: idadi ya wagonjwa waliokuwa na maumivu makali wiki hiyo na hawakupewa kitu, na sababu yake, ikiandikwa na jina la aliyeamua.